Kufuli la Mikono

"Mama, akiinuliwa tena atakufa. Nakwambia atakufa machela ikiwa bado hewani."

Sauti ilikuwa ya nesi Halime, wa zahanati ya ng'ambo ya daraja. Daktari Nakijwa Mchome aliisikiliza simuni akiwa amesimama kwenye kizuizi cha mpaka, koti lake jeupe likipeperuka kwa upepo wa mlimani. Ng'ambo aliliona paa la zahanati yenyewe, bati jekundu, na mbele ya mlango wanawake wawili watatu wamejishika viuno. Ukipiga kelele upande huu, wale wanageuka. Ndiyo karibu hiyo.

"Damu ikoje?" akauliza.

"Akitulia inachuruzika. Akiguswa tu inafunguka. Kondo la nyuma limetangulia, mama, limeziba njia yote. Moyo wa mtoto naupata, ila umeanza kuchoka."

"Dripu?"

"Mikono yote miwili. Dawa ya usingizi ninayo na kuitoa naijua. Kisu ninacho. Kukata ndiyo siwezi, na jimbo zima hili la Ruvusi hakuna anayeweza, mama, unajua mwenyewe."

Alijua, tena sana. Aligeuka akamtazama Daktari Namkunda, aliyesimama nyuma yake na mkoba wa vifaa begani, kofia ya upasuaji imeshafunga nywele. Kijana wa kike huyu ndiye aliyekuwa na mkono bora kuliko wote jimboni Kwezani. Alikuwa amesogea hadi kwenye mstari wa manjano uliochorwa darajani, ncha za viatu vyake zimegusa rangi, na hapo amekwama.

"Niambie nivuke, nitavuka," Namkunda akasema.

"Ukivuka hivyo utamfikia na nini? Na hivyo vidole?"

Namkunda akavitazama vidole vyake.

Sasa wewe msomaji usije ukadhani msichana alikuwa mwoga. Kila daktari wa uzazi jimboni Kwezani amepandikizwa Utando. Ni nyuzi laini kuliko za buibui, zinaanzia kisogoni, zinashuka mabegani mpaka kwenye ncha za vidole, na ndani yake umehifadhiwa ujuzi wa mkono wa mtu mmoja, Nakijwa Mchome, jinsi anavyokata, anavyovuta, anavyofunga fundo ndani ya damu bila kuona. Zamani daktari wa akina mama alifundishwa miaka na miaka. Kwa Utando, daktari kijana alilala mezani hajui hata kushika kisu vizuri, na kabla mahindi aliyoyaacha shambani hayajakomaa, alikuwa anazalisha kwa upasuaji. Lakini mishipa ya binadamu ina uvivu wake. Ikishapata cha kuegemea, inaegemea. Utando ukizimwa, vidole navyo vinalala.

Na Utando ulizimika mpakani. Minara ilisimikwa kuzunguka jimbo zima, kila mmoja na taa nyekundu juu, na daktari akiipita tu, kwaheri. Wabunge wa Kwezani waliiita Sheria ya Kubaki. Daktari Kiure aliwahi kuvuka kwa ubishi, akisema ni vitisho vya wanasiasa. Leo vifungo vya shati anafungiwa na mkewe.

"Fungua kufuli, Mwalimu," Namkunda akasema taratibu.

Nakijwa akainua macho kwenye taa nyekundu. Kufuli hilo la minara lilikuwa moja, kwa kuwa mkono ulikuwa mmoja. Hapakuwa na namna ya kumfungulia Namkunda peke yake. Ukilifungua, umewafungulia wote, kuanzia walioko hospitali kuu hadi waliotupwa huko vituo vya juu milimani, na wangapi kati yao wamekuwa wakiiota pwani na Ulaya na mishahara ya huko, Mungu ndiye anajua. Sauti ya kulifungua na kulifunga ilikuwa ya Nakijwa tu. Mafundi walitaka hivyo, mwenye mkono awe ndiye mwenye ufunguo. Mikono yake mwenyewe, ukitaka kujua, ilishaliwa na baridi yabisi. Vidole vimepinda kama tangawizi, hata kalamu ni kazi.

Simu ikalia sikioni, mstari wa pili. Mkurugenzi wa Afya wa Jimbo, Bwana Kajiru.

"Dada Nakijwa, nimeambiwa uko darajani. Niambie uko huko kupunga upepo."

"Kuna mzazi anavuja, Kajiru. Naliona paa lake."

"Wa Ruvusi?"

"Wa Ruvusi."

"Basi si wetu."

Nakijwa akaibana simu sikioni. "Rudia."

"Nitarudia, na wewe utanisikiliza kwa sababu tulikuwa wote." Sauti ya Kajiru haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomkera zaidi. "Kabla ya kufuli ulifundisha madaktari kwa mikono yako hiyo hiyo. Wakaenda wapi? Wakaja kukuaga na keki, dada, na keki! Ukabaki wewe na mlinzi wa geti. Msimu ule wa mvua tulizika wazazi mpaka mchungaji akaomba likizo. Wewe mwenyewe ulikuja ofisini kwangu ukalia, ukasema fanyeni lolote. Nikafanya. Sasa hebu niambie, tangu minara isimame, tumezika wangapi?"

Alikuwa hasemi uongo. Makaburi ya akina mama yalikuwa yamepungua hata watu wakasahau kuogopa mimba. Wasichana wa siku hizi walijifungua wakicheka na manesi. Nakijwa aliyajua hayo, na aliyapenda, na hakuna usiku aliolala bila kuyashukuru.

"Ukifungua," Kajiru akaendelea, "unamwokoa mmoja. Wodi yako imejaa sasa hivi. Kesho nani atawapasua? Wewe?"

Upande wa pili wa simu Halime alikuwa anaita. "Mama? Mama, amelowanisha godoro. Mama, upo?"

Nakijwa akafumba macho. Alijaribu kupiga hesabu ya kweli, mmoja kwa wengi, kama Kajiru alivyotaka, na akili yake ikakataa kabisa. Wale wengi hawakuwa na sura. Huyu alikuwa na godoro lililolowa.

"Kajiru, nisamehe," akasema, akamkatia simu.

Akainua kichwa kuelekea mnarani, kwenye kile kidude cha kusikilizia sauti. "Mimi Nakijwa Mchome, mwenye mkono. Fungua."

Taa nyekundu ikazimika.

Namkunda akashtuka, akakunja ngumi, akakunjua. "Inanitambaa," akasema. "Kama ganzi inavyotoka."

"Ndivyo. Na wenzako wote inawatambaa muda huu huu, popote walipo. Wote wameshajua. Kimbia, mwanangu!"

Namkunda akakimbia.

*

Hakuna kazi ngumu kwa mpasuaji kama kusikiliza upasuaji. Halime aliiweka simu juu ya kabati la dawa, na Nakijwa akabaki amejiegemeza kwenye nguzo ya kizuizi, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alisikia mabeseni yakigongana. Alisikia Namkunda akiuliza jina la mgonjwa, akaambiwa Raheli, na akamsikia akisema, "Raheli, mimi ni daktari, sasa hivi utalala." Kisha pumzi tu.

Askari wa kizuizi, mzee mwenye sweta lililotoboka viwiko, alimletea kiti. Hakukaa.

Simu ya Kajiru ikaingia tena, naye akaipokea kwa kuwa aliogopa kutoipokea.

"Umeona ulichofanya?" Safari hii Kajiru alikuwa anahema. "Hospitali kuu maegesho yanatoka magari. Madaktari wanabeba masanduku, dada! Kuna aliyemwacha mzazi na nesi. Barabara yote ya darajani hiyo inakuja kwako. Funga."

"Namkunda yuko ndani ya tumbo la mtu."

"Funga, Nakijwa!"

"Nikifunga sasa vidole vyake vinakufa humo humo, na mama anakufa, na mtoto anakufa. Utaniambia nini mimi baada ya hapo?"

"Nitakwambia umebakiza jimbo."

Ng'ambo Namkunda alikuwa anasema, "Namshika mguu. Nimempata mguu. Njoo, baba, njoo njoo njoo." Kitu kikachapwa kofi la majimaji. Nakijwa akahesabu pumzi zake mwenyewe, akazipoteza, na ndipo akasikia kitoto kikikohoa, halafu kikalia kilio kile chembamba cha hasira ambacho alikuwa amekisikia maisha yake yote na hakijawahi kumchosha.

"Kametoka!" askari aliyetega sikio kando ya simu akapiga kelele, kana kwamba ni kajukuu kake.

"Mwanamume," Halime akasema. "Analia vizuri."

"Basi," Kajiru akadakia, maana ukelele wa askari alikuwa ameusikia. "Mtoto ametoka. Funga."

"Bado."

Nakijwa alijua anachokingoja. Kondo likikaa chini namna ile, mahali lilipobanduka hapajui kujikaza. Panamwaga. Na kweli, sauti ya Namkunda ikabadilika. "Mwalimu, unanisikia? Inatoka pale chini. Nimebana, inapita. Nimeweka nyuzi, inapita."

"Kiganja kimoja nyuma ya kizazi, kingine mbele. Bana kama unakamua nazi. Usiangalie damu, angalia saa ya ukutani."

"Hakuna saa."

"Basi nisikilize mimi. Nitajie jina la mtoto wa kwanza wa dada yako na kila aliyemfuata."

Namkunda akaanza kutaja watoto wa dada yake, mmoja mmoja. Walikuwa wengi, ashukuriwe huyo dada. Alipofika kwa kitinda mimba, Nakijwa akamwambia, "Sasa pitisha sindano mbele mpaka nyuma, mashono makubwa, usione haya kuwa ni mabaya. Vidole vitakuonyesha." Barabarani kwa mbali, kwenye kona ya juu, magari ya kwanza yakaonekana, taa zimewashwa mchana kwa sababu ya ukungu.

"Imesimama," Namkunda akasema. "Mwalimu, imesimama. Shinikizo la damu linarudi kupanda."

Nakijwa alijikuta amekaa kwenye kile kiti bila kujua alikaa saa ngapi. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke.

*

"Sasa rudi," akamwambia tumbo lilipokwisha kufungwa. "Chukua mkoba, uvuke. Ukishakanyaga huku nitafunga kufuli kabla magari hayajafika. Fanya haraka, Namkunda, mimi nakungoja hapa."

Simu ikanyamaza. Alidhani mtandao umekatika.

"Namkunda?"

"Mwalimu, nani amepokea?"

Hapo ndipo Nakijwa alipojua swali lile limetoka wapi. Nieleze. Wodi ya wazazi ya Kwezani ilikuwa na desturi yake, na haikuletwa na Utando wala sheria yoyote. Aliianzisha Nakijwa mwenyewe siku za taabu. Daktari anayetoka zamu husimama kando ya kitanda, akamtaja mama kwa jina na hali yake, kisha hatoki mpaka anayeingia aseme neno moja, "Nimepokea." Asiposema, hutoki. Una homa hutoki, una msiba hutoki. Madaktari wengi wa siku hizi walilitamka mdomoni tu wakiwa wanavua viatu, maana hata wakilisahau, wangekwenda wapi? Namkunda alilitamka akimtazama mgonjwa usoni.

"Halime atapokea," Nakijwa akasema.

"Halime nimemuuliza. Amesema, akivuja tena mimi nitafanya nini? Na mimi namuuliza wewe, Mwalimu. Akivuja tena Halime atafanya nini?"

"Kaa naye usiku mmoja. Kesho..."

"Kesho kuna hawa wengine." Namkunda aliongea polepole, kwa heshima, na kila neno lilimwingia Nakijwa kama sindano. "Nimetoka nje kunawa nikawakuta kwenye benchi. Wamesikia daktari amevuka. Mmoja amewekwa juu ya punda tangu asubuhi. Wananiamkia, Mwalimu. Bibi mtu mzima ananiamkia mimi shikamoo."

"Nilikufundisha mimi! Wodi yako iko huku!"

"Ndiyo, mama. Na ni wewe uliyesema hutoki mpaka mtu apokee. Huku hakuna mtu."

Kajiru alikuwa bado yuko kwenye mstari wa pili. Nakijwa alikuwa amemsahau. "Harudi?" akauliza. "Basi ni rahisi. Mfungie huko huko. Iwe fundisho kwa hayo magari. Wakiona vidole vya mkono bora kuliko wote vimekauka, watageuza wenyewe, na jimbo limepona leo hii. Neno moja tu, dada. Sikuombi kwa ubaya."

Na haya ndiyo mambo ya kutisha ya dunia: alikuwa sahihi. Magari yangegeuza. Nakijwa aliyaona magari yakishuka kona kwa kona, na alijua kabisa kwamba akisema "Funga" wakati huu, kila daktari aliyemo angelala Kwezani, na kila mzazi wa Kwezani angepasuliwa kwa wakati. Neno lilimkaa ulimini. Gharama yake ilikuwa vidole kumi tu vya msichana mmoja, na yule wa punda, na wa benchi, ambao si wetu.

Akayapa magari kisogo.

"Namkunda," akasema, "vitanda vyako vya huku ni vipi?"

Msichana akashangaa. Kisha sauti yake ikachukua ule mwendo wa wodini. "Kitanda cha dirishani, Mama Ndekirwa, mapacha, presha imetulia asubuhi. Anayefuata, Sarafina, kovu la upasuaji, asiachwe asukume peke yake. Wa mlangoni ni binti mdogo, mimba ya kwanza, anaogopa. Hana shida nyingine."

"Nimepokea," Nakijwa akasema.

Akasikia Namkunda akivuta kamasi. "Asante, mama."

"Usinishukuru, ninakukasirikia. Nenda kwa huyo wa punda."

Kajiru akaanza kufoka, amri, mahakama, polisi, kikao cha dharura. Nakijwa akamwacha amalize. "Sauti ni yangu, Kajiru," akamwambia, "na kwenye kazi hii sitaitumia tena. Tafuteni namna nyingine ya kuwashika watu." Kisha akaitoa simu sikioni akaitia mfukoni, ikaendelea kunguruma humo.

*

Gari la kwanza lilisimama kwenye kizuizi. Ndani alikuwa Daktari Mbonea, mke wake kando, watoto nyuma wamebanana na mabegi, na ndoo ya vyombo imefungwa kamba juu ya paa. Ilikuwa zamu yake leo. Alishusha kioo kidogo sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nakijwa akainama mpaka wakaonana uso kwa uso. "Wodini umemwacha nani?"

"Manesi."

Alitarajia kumtukana. Maneno ya kumtukana alikuwa nayo, tena mengi, na alikuwa akiyachagua tangu gari lilipotokea kwenye kona. Lakini alipomwangalia Mbonea vizuri aliona mtu aliyezeeka kabla ya wakati, ndevu zimeota mvi upande mmoja, na akagundua kwamba hajui kijiji alichozaliwa. Hajui mama yake yu hai au la. Miaka yote ya kufuli alikuwa anamwona kila siku, na hakuwahi kuwa na sababu ya kumuuliza kitu. Mtu asiyeweza kuondoka humuulizi kama anapendezwa na kukaa.

"Mbonea," akasema, "nakuomba ubaki. Mimi. Nakuomba."

Mkewe akaangalia magoti yake. Mtoto mmoja nyuma akauliza tumefika, akanyamazishwa.

"Mama yangu alikufa pwani nikiwa huku," Mbonea akasema. "Ni mwaka jana. Niliandika kuomba nifunguliwe siku ya maziko tu. Niliandikiwa kwamba kufuli ni moja." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ungenijia wakati ule ukaniomba hivi, mama, ningebaki mpaka nife. Haki ya Mungu ningebaki."

Akapandisha kioo. Askari akamtazama Nakijwa, anangoja aambiwe. Nakijwa akatikisa kichwa kuashiria ndiyo, na kizuizi kikainuka, na gari likavuka mstari wa manjano polepole na ndoo yake ikigongagonga juu ya paa.

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafika kwenye kona. Nakijwa alijifuta uso kwa mkono wa koti, akavuta pumzi, akaliendea gari la pili. Akagonga kioo kwa vidole vyake vilivyopinda, na kilipofunguka akaanza kwa kuuliza, "Mwanangu, kwenu ni wapi?"